Kwenye dari la jipsamu, kazi iko kwenye jointi

Nyumba mpya za Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande, jijini Dar es Salaam, zina tabia moja: mgeni akiingia sebuleni, macho yake hupanda juu kabla hajaonyeshwa kiti. Dari la jipsamu ndilo limebeba fahari ya nyumba siku hizi. Limeshushwa ngazi mbili au tatu, pembeni zimefichwa taa za mkanda, katikati limechongwa duara la kuning'iniza taa kubwa. Ukuta unaweza kungoja rangi na sakafu ikakaa na saruji tupu hadi mwakani, lakini dari la sebuleni halingoji.

Kisha masika moja hupita, na juu ya fahari hiyo hutokea mstari. Ni mwembamba kama unywele, umenyooka, unaanzia ukutani na kwenda moja kwa moja hadi kwenye taa. Mwenye nyumba anampigia simu fundi. Fundi anakuja na ndoo yake, anapaka, anapiga msasa, anarudishia rangi. Baada ya miezi kadhaa mstari uleule umerudi palepale. Ufa wa namna hiyo haujitokezei ovyo. Umefuata mahali bodi mbili zilipokutana, yaani jointi.

Niseme mapema ninachokiamini: nyufa nyingi za madari yetu ni matokeo ya haraka, na haraka hiyo haianzi kwa fundi. Tunapatana bei ya bodi, tunapatana mchoro wa dari, tunabishana hata rangi ya taa. Siku za kuziba jointi na kuziacha zikauke hatuzipatani. Zinaachwa zijipenyeze zenyewe kati ya siku ya kumaliza kufunga bodi na siku ambayo mpaka rangi ameshaambiwa aje.

Tupige hesabu kidogo. Bodi nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo na Buguruni zina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4. Chumba cha mita 3.6 kwa 4.8 kinameza bodi sita kamili. Zikipangwa moja baada ya nyingine, jointi zake hufika mita 13.2, mbali na zile za ukutani ambazo hufunikwa na konisi. Hicho ni chumba kimoja. Nyumba ya vyumba vitatu na sebule huvuka mita 50 kwa urahisi, na kila mita inatakiwa kupitiwa mara tatu kabla ya msasa wa mwisho. Watu wawili wenye mashine ya skrubu wanaweza kukifunga chumba kile kwa nusu siku. Jointi zake zitataka siku tatu, hata kama kila siku mwiko unashikwa kwa saa moja tu na saa zilizobaki ni za kungoja.

Wazee wetu hawakuwa na ugomvi huu. Katika nyumba za zamani za Magomeni, Temeke na Ilala, dari lilikuwa la bodi laini, na palipokutana bodi mbili paligongomewa ubapa mwembamba wa mbao. Jointi ilionekana waziwazi, ikapakwa rangi, ikawa pambo la miraba juu ya sebule. Bodi ilitanuka kwa unyevu na kusinyaa ilipokauka nyuma ya ubapa wake bila mtu kujua. Dari la jipsamu limekuja na ahadi ngumu zaidi: vipande sita vionekane kipande kimoja.

Ahadi hiyo ilitoka mbali. Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi yake mwaka 1894. Ilikuwa tabaka za karatasi zenye plasta ya jasi, yaani jipsamu, katikati. Kampuni ya United States Gypsum, iliyoundwa mwaka 1902, ndiyo iliyokuja kuieneza teknolojia hiyo na kuuza bodi iliyoitwa Sheetrock. Kabla ya hapo, kuta na madari ya Marekani yalipigwa plasta mbichi tabaka juu ya tabaka, na nyumba ikangoja wiki nyingi ikauke. Bodi ilimfukuza yule fundi wa plasta kutoka chumba kizima, ikambakiza mahali pamoja tu. Hapo penye jointi bado anahitajika mtu mwenye mwiko, jicho na subira ileile ya zamani.

Ukitaka kujua kwa nini subira, anza na unga wenyewe wa kuzibia jointi, ambao hutokana na jasi. Jasi ni jiwe letu pia. Linachimbwa Makanya wilayani Same, linachimbwa Itigi mkoani Singida, na lipo kwa wingi wilayani Kilwa. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kuingiza jasi na makaa ya mawe kutoka nje, kwa hoja kwamba ya nyumbani yanatosha. Leo mtu wa Mbagala akishika barabara ya Kilwa kuelekea kusini, akifika Mkuranga amefika penye viwanda vya bidhaa za jasi, kikiwemo cha Knauf, kampuni yenye asili ya Ujerumani.

Jiwe hilo limefungiwa maji ndani yake, kama asilimia 21 ya uzito wake wote. Ndiyo maana bodi ya jipsamu huchelewesha moto: lazima kwanza maji hayo yageuke mvuke. Kiwandani jiwe huchomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, likapoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga. Fundi anapourudishia unga huo maji kwenye ndoo, unayanywa, fuwele zinaota upya, zinasukana na kuwa jiwe kwa mara ya pili. Kwa hiyo unga wa jipsamu unaoganda ndani ya ndoo haujakauka. Umegeuka jiwe, na maji ya ziada bado yamo ndani, yanasubiri kutoka polepole. Kuganda ni dakika. Kukauka ni siku. Makosa mengi ya jointi yanazaliwa katika kutoyaelewa mambo hayo mawili.

La kwanza ni ndoo chafu. Mabaki ya jana yaliyoganda kwenye kuta za ndoo ni fuwele tayari, na unga mpya ukikutana nazo huganda kwa kasi kuliko kawaida. Fundi anaona unga "una haraka", anadhani mfuko ni mbovu, kumbe ni ndoo. La pili ndilo linaloniumiza zaidi nikiliona. Mchanganyiko umeanza kukaza, kijana anaongeza maji, anakoroga, unalainika tena, kazi inaendelea. Fuwele zilizokuwa zimeanza kushikana zimevunjwa na hazitashikana tena kama mwanzo. Kinachopakwa juu ni plasta isiyo na nguvu, na siku mbao zinazobeba bodi zikicheza kidogo itaachia. Kilichokaza hutupwa. Ndiyo maana fundi mzuri huchanganya kidogo kidogo: anatangulia maji, ananyunyiza unga juu yake, anauacha unywe kwa dakika chache, ndipo anakoroga.

Kuna na ile dawa ya jointi inayokuja ndani ya ndoo ikiwa imeshachanganywa. Hiyo kwa kawaida ni unga wa chokaa ya mawe uliotiwa gundi, na hukauka kwa kutoa maji tu. Ni laini, inapigika msasa vizuri, inafaa sana mkono wa mwisho. Lakini husinyaa inapokauka, na kwa hewa yetu ya pwani, hasa Machi hadi Mei, siku moja iliyoandikwa kwenye ndoo huweza kuwa siku mbili. Mkono wa kwanza, ule wa kushika tepu, uachiwe unga wa jipsamu unaoganda.

Halafu kuna mchanganyiko wa mtaani: unga wa jipsamu na saruji nyeupe kwenye ndoo moja, ili "uwe mgumu". Huu naupinga kabisa. Pale Wazo, wilayani Kinondoni, kwenye kiwanda cha saruji cha Twiga, jasi huongezwa kwenye saruji wakati wa kusaga, lakini kwa asilimia chache tu, ili saruji isigande ghafla mara iguswapo na maji. Kipimo hicho kinalindwa kwa sababu jasi ikizidi ndani ya saruji na unyevu ukawepo, viwili hivyo huzaa fuwele zinazovimba na kupasua kilichokuwa kigumu. Unyevu Dar es Salaam haujawahi kuwa adimu. Fundi anayechanganya nusu kwa nusu anatengeneza ugumu wa wiki na ufa wa mwaka.

Pwani yetu haikuanza jana kupenda ukuta laini. Waliojenga kasri la Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14, na waliojenga msikiti na makaburi yaliyobaki magofu Kunduchi, walichoma matumbawe kupata chokaa, wakailaza juu ya mawe ya matumbawe. Chokaa ile hukazwa na hewa yenyewe, taratibu, kwa miezi na miaka, na inavumilia bahari. Jasi imetupa kasi ambayo chokaa haikuwa nayo. Haikutupa uvumilivu wa maji, na kasi yake ina mpaka.

Sasa kazi yenyewe. Bodi ya jipsamu imebonyezwa kidogo kwenye kingo zake mbili ndefu. Mbili zikikutana, hutengeneza bonde jembamba, na bonde hilo ndilo nyumba ya tepu na unga. Kabla ya kuligusa, fundi hupitisha skrepa juu ya skrubu zote. Ile inayolia chuma imechomoza na lazima izamishwe, ila isitoboe karatasi, kwa kuwa karatasi ndiyo inayoshika bodi na skrubu. Hufuta vumbi. Kisha hubandika tepu katikati ya jointi kwa urefu wote, bila kukunja wala kurukia. Ya nyavu hushika yenyewe na inataka unga unaoganda. Ya karatasi inalazwa juu ya unga mbichi na kukandamizwa mpaka hewa yote itoke. Tepu ndiyo mishipa ya jointi. Wapo wanaoiruka ili kubana matumizi, na dari hukaa zuri kwa muda wa kutosha kumaliza malipo.

Mkono wa kwanza hujaza bonde na kufunika tepu. Uachwe. Mkono wa pili ni mpana zaidi, kama sentimita 20, na wa tatu unafika 30 au zaidi, kila mmoja ukikwanguliwa mwembamba pembeni mpaka upotee ndani ya karatasi ya bodi. Mgeni wa kazi hii hudhani jointi inafichwa kwa kuiongezea unga katikati. Inafichwa kwa kutanua. Mwinuko wa milimita mbili uliosambazwa kwenye upana wa kiganja unaonekana. Ukisambazwa kwenye upana wa mkono mzima, jicho linaupita.

Ncha fupi za bodi hazina bonde. Zikikutana huwa kifua kwa kifua, na unga wowote utakaowekwa hapo ni kilima. Jointi hizo zinahitaji upana mara mbili ya zile ndefu. Zinahitaji pia kupishana: ncha za mstari mmoja zisilingane na za mstari wa pili. Kile chumba chetu cha bodi sita, mstari wa katikati ukianza na nusu bodi, jointi zinaongezeka kutoka mita 13.2 hadi 14.4. Mita 1.2 za ziada, pamoja na kata moja ya kisu, zinavunja ule mstari mrefu ambao ungevuka chumba kizima na kusubiri kupasuka.

Juu ya bodi kuna jambo jingine, ambalo mwenye nyumba halioni tena dari likishafungwa: blandaringi, yaani fremu ya mbao inayobeba bodi. Mbao nyingi zinazotumika Dar hutoka nyanda za juu kusini, na kila mtu anazijua mbao za Mafinga. Zikifungwa mbichi, zitaendelea kukauka huko juu, chini ya mabati yanayochemka mchana na kupoa usiku. Zinasinyaa, zinajipinda, zinavuta skrubu, na bodi mbili zilizokuwa sambamba sasa moja iko chini ya nyingine kwa unene wa sarafu. Hapo hakuna unga wala tepu itakayoshinda. Mbao zikae zimepangwa kivulini, zikiwa na vipande kati yake vya kupitisha hewa, wiki kadhaa kabla ya kupanda juu. Skrubu ziwe zilizopakwa madini ya kuzuia kutu, maana hewa ya chumvi ya Kunduchi na Kigamboni hupenya rangi na kuchora vidoa vya kahawia mstari kwa mstari, kila kidoa juu ya kichwa cha skrubu.

Na tusifunge dari kabla ya madirisha. Hili linatokea sana kwa nyumba zinazojengwa kwa awamu, na sababu yake naielewa: fedha imepatikana, bei ya bodi inapanda, mtu anaona afadhali zikae juu kuliko kulundikwa stoo. Lakini nyumba iliyo wazi inavuta mvua ya upepo na umande wa alfajiri moja kwa moja kwenye karatasi ya bodi. Bodi zinaweza kungoja stoo, zimelazwa bapa juu ya mbao, mbali na sakafu. Jointi iliyokwishapakwa haina pa kujificha.

Baada ya mkono wa tatu kukauka ndipo msasa. Hapa taa ndiyo mwalimu. Fundi anayejiamini huzima taa za juu, huwasha moja na kuishika pembeni, karibu na dari, ili mwanga uteleze juu ya uso wake. Kila nundu inatupa kivuli. Nasisitiza hili kwa sababu ya mtindo wetu wa sasa: zile taa za mkanda zilizofichwa kwenye ngazi za dari hufanya kazi hiyohiyo kila jioni. Mwanga wake unalala juu ya bodi na kuanika jointi zote ambazo mchana hazikuonekana. Anayetaka taa za mkanda ajue ameagiza kazi ya daraja la juu, ambayo mara nyingi inadai uso mzima wa dari upigwe skimu, yaani tabaka jembamba la unga, na ailipie hivyo.

Malipo ndipo penye kiini. Fundi jipsamu wa mitaa yetu hulipwa kwa bodi, kwa mita ya mraba au kwa chumba. Kwa mpango huo, kila saa anayongoja jointi ikauke ni saa asiyolipwa, na kuna nyumba nyingine Mbagala au Tegeta inamwita. Mwenye nyumba naye anapita kila jioni: "Fundi, kwani bado?" Jibu la "bosi, kesho tunakabidhi" halitoki kwa uvivu wala ujanja. Limetengenezwa na makubaliano yenyewe. Mimi ningeyagawa malipo mara tatu: fungu la kufunga bodi, fungu la jointi, na fungu dogo la kurudi baada ya msimu mmoja wa mvua kukagua. Fungu la jointi litolewe baada ya kukagua kwa taa ya pembeni, kabla mpaka rangi hajaingiza brashi. Watu wawili wanaoheshimiana wanaweza kuliandika hilo kwenye karatasi ya daftari na kulimaliza.

Ujuzi huu pia unastahili karatasi. Wengi wa mafundi hawa walijifunza kwa kumshikia ndoo fundi mkubwa, miaka na miaka. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi yenye chuo chake Chang'ombe, Temeke, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini, anapimwa na kupewa cheti. Kijana anayeweza kuipoteza jointi ya ncha kwa ncha ana ufundi unaostahili kupimwa na kuandikwa jina.

Na ana mapafu. Vumbi la msasa ni jepesi mno, hubaki hewani muda mrefu baada ya mkono kusimama, na kijana aliyejifunga fulana mdomoni analivuta kutwa nzima. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1977 dawa za jointi zenye asbesto, baada ya madhara yake kujulikana. Za leo hazina sumu hiyo, ila vumbi laini ni vumbi laini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi; kwenye nyumba ya mtu binafsi huko Goba, mwenye nyumba naye ajione anahusika. Barakoa nzuri ya vumbi haifiki bei ya bodi moja. Sehemu nyingi pia zinaweza kusawazishwa kwa sponji yenye unyevunyevu badala ya msasa mkavu.

Kwa ambaye ufa umeshamtokea, kuupaka juu hakutoshi. Ukwangue mpaka uone tepu; kama imeachia, ing'oe yote. Sukuma bodi kwa kiganja pande zote mbili za jointi. Ikicheza, ongeza skrubu zinazoingia kwenye mbao, ndipo uweke tepu mpya, mikono mitatu, na siku zake. Rangi ya kwanza ipakwe tu pale unga umekuwa mweupe kotekote, maana sehemu yenye rangi ya kijivujivu bado ina maji. Ufa ukirudi palepale mara ya pili, achana na unga: panda darini na tochi, ukaangalie mbao.